Mbegu Kwenye Moto wa Mama

1

Siku Isebele nzima iliponyoosha mikono kumchagua Asajile awe Msoma Pua, mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa mama yangu mzazi.

Nisikilize vizuri. Siyo ule mkono wa mtu anayewachungulia wenzake kwanza ndo aamue. Wa kwanza kabisa. Una udongo mpaka kwenye kiwiko, maana alikuja mkutanoni akitokea kwenye vyungu vyake. Na mimi nimekaa palepale mbele, shati nimelilaza chini ya godoro siku mbili linyooke, kwa sababu pasi ya mkaa siku hizi ni anasa ya watu wenye moshi wa kuchezea.

Fizikia nilipata B, Asajile C. Hesabu nilipata B, yeye C, tena ile C ya kuokota. Tumemaliza fomu foo darasa moja, dawati moja, na ile michoro ya umeme kwenye daftari lake nilimchorea mimi. Sasa niambie, kazi ya mashine inamfaa nani?

Afisa Mhema wa Ofisi ya Kikomo, mama mmoja mrefu mwenye sauti ndogo, alituuliza swali moja tu mbele ya watu.

"Ukikuta moshi wa nyumba ya mama yako umezidi, utafanya nini?"

Nikasimama kama askari. "Nitaandika, afisa. Sheria haina mama."

Uwanja ukanyamaza. Nikajua hapo nimewaweza.

Asajile akajikuna shingo. "Mimi... nitashuka kwanza nikamuulize anapika nini."

Watu wakacheka. Mzee mmoja nyuma kule akapayuka, "Na kama ni kande, usirudi kabla hujaonja!" Wakacheka tena, mpaka afisa naye akaficha mdomo kwa faili. Halafu ndo ule mkono ukapanda.

Nilipata mikono tisa. Hata sitaki kukutajia ya mwenzangu.

Tulirudi na mama mpaka kwenye daraja la miti.

"Mama, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Ule mkono."

"Mkono ni wangu, Ambokile."

"Lakini mimi ndo mwanao!"

"Ndiyo maana," akasema, akaendelea kutembea. "Nakujua."

2

Kama hujawahi kuishi chini ya Pua, ngoja nikueleze, la sivyo hutaelewa nilichokuja kukifanya.

Kabla sijazaliwa, mvua zilinyesha huku kwetu Rungwe miezi saba bila kupumzika, zikaporomosha vilima na mashamba ya chai yakiwa juu yake. Zilipokwisha, likaja jua la miaka mitatu. Nchi zote zikakaa zikakubaliana: moshi uwe na kikomo, na kila moshi uwe na mwenyewe. Ndipo ukaja mlingoti. Mrefu kuliko mkaratusi wowote, juu kuna kitu cha mviringo kama mzinga wa nyuki, na kule ndani kuna Pua.

Kila nyumba inapewa mbegu moja. Siyo ya kupanda. Ni kitu cha kijivu, kikubwa kama punje ya hindi, unakifukia kwenye majivu katikati ya mafiga. Kikipata moto kinatoa harufu ambayo mimi na wewe hatuisikii hata tukiinamia. Pua inaisikia. Kila mbegu na harufu yake, kwa hiyo Pua inajua huu moshi ni wa mama Ambokile, ule wa bibi Tupoki. Mbegu mbili zikiwa kwenye moto mmoja, Pua inagawa moshi kati kwa kati. Moto usio na mbegu unaitwa moshi yatima. Ukiuwasha, nyuki wa chuma watatu wanakushukia kabla maji hayajachemka, wanaumwagia povu. Utakunywa chai ya povu.

Moshi tunaupima kwa pumzi. Kila nyumba ina pumzi arobaini kwa wiki. Chai ya asubuhi ni pumzi moja, kande ni tatu kwa sababu maharage yana kiburi. Zikibaki, unauza. Anayenunua ni kiwanda cha saruji kule bondeni, kile kinachotoa moshi mchana kutwa kama mtu aliyelipia. Na kweli amelipia. Wako watu hapa Isebele wanakula ndizi mbivu na maziwa baridi siku nne mfululizo ili wakiuzie kiwanda moshi wao.

Kuuza ruksa. Kumpa jirani bure, marufuku. Ukihamisha mbegu yako ukaiweka kwenye moto wa mwenzio, ni kosa. Wanasema watu wakianza kugawiana, moshi utakosa bei, na ukikosa bei hakuna atakayeuogopa.

Ukizidisha mara ya kwanza, unakatwa nusu kwa mwaka mzima. Mara ya pili, au ukikamatwa umehamisha mbegu, wanakuziba mafiga siku arobaini.

Na mama yangu alikuwa ameshakatwa nusu.

Yeye ni Mkisi, aliolewa huku juu akitokea kule Ziwa Nyasa, akaja na ufundi wa kwao wa kufinyanga. Vyungu vyake vya maziwa, ukiyaweka humo asubuhi, jioni bado yana baridi kama yametoka kisimani, na Isebele nzima inaishi kwa maziwa. Lakini chungu kibichi si chungu. Lazima ukipange na wenzake uwanjani, ufunike kwa nyasi na kuni, uwashe, ungoje. Moto mmoja wa vyungu ni pumzi thelathini na moja. Mama alikuwa na ishirini kwa wiki. Akaomba kibali cha ufundi. Ofisi ikamjibu ombi lake limepokelewa. Ikamjibu hivyo mara tatu.

Sasa cha ajabu ni hiki: vyungu viliendelea kutoka. Vyekundu, vinalia vizuri ukivigonga kwa kidole. Nami, msomi wa fizikia, nilikuwa nakula nyumba ile ile na sikujiuliza. Nilikuwa nimeshughulika na kumchukia Asajile.

Maana alikuwa ananichukiza kila siku. Wamempa koti la kijani lenye mfuko kifuani, na kwenye mfuko kalamu, ingawa Pua haina pa kuandika kwa kalamu. Watoto wanamsalimia kwa kupiga magoti. Mama akikamua maziwa anasema, "Mpelekee Asajile kikombe, kule kilimani kuna upepo." Mimi ndo nipeleke! Nilikuwa nayanywa nusu njiani, nikifika namwambia ng'ombe amekasirika leo.

"Ndaga," anasema, asante ya kwetu, anakunywa hiyo nusu kama sijamwibia. Anajua. Uso wake nauona kabisa kwamba anajua.

3

Alhamisi moja saa sita mchana nikapanda na kikombe. Nilipita kwa kina Asajile. Bibi Tupoki, bibi yake Asajile anayeishi naye, alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi mbivu, ya tatu au ya nne kwa maganda niliyoyaona.

"Shikamoo bibi. Leo hakuna kande?"

"Marahaba. Kande nitakula nikifa," akasema. "Tumbo langu limekuwa la popo. Mwambie mjukuu wangu kesho nataka chai ya moto, hata kama itatoka kwenye jua."

Mafiga yake niliyaona kwa macho yangu. Baridi. Kuku amelala juu ya majivu.

Nikafika kwenye kibanda cha Pua. Asajile alikuwa nje anafunga waya. Nikaingia, nikaweka kikombe, nikatazama kioo. Nyumba zote thelathini na mbili zimepangwa, kila moja na mstari wake. Nyumba ya mama Ambokile: pumzi moja, chai ya asubuhi. Nyumba ya bibi Tupoki: mstari umepanda mpaka juu. Pumzi thelathini na moja.

Kuku kwenye majivu. Thelathini na moja.

Nikageuka dirishani. Kule chini, nyuma ya nyumba yetu, moshi mnene mweupe wa nyasi mbichi ulikuwa unapanda. Mama alikuwa anachoma vyungu.

Ilinichukua muda mfupi kuliko ninavyokusimulia.

Asajile akaingia akiwa ameshika koleo. Akaona ninachokitazama. Akaiweka chini taratibu.

"Ambo," akasema.

"Umempa mama yangu mbegu yenu."

"Mara moja kwa mwezi tu."

"Mnakula mabivu ya ndizi wiki nzima?"

"Bibi ndo alisema. Sisi wawili tunahitaji moto gani? Chungu chake cha maziwa kilipasuka, kingine anakipata wapi kama mama yako hachomi?" Akajikuna shingo, kile kitendo chake. "Moshi haujazidi, Ambo. Ungetoka kwetu, umetoka kwenu. Hewa ni hiyo hiyo."

"Sheria inasema..."

"Najua inachosema. Ndo mimi ninayebonyeza."

Maana hiyo ndo kazi yenyewe. Mstari ukipanda ghafla, Pua inauliza: moshi huu ni wa nyumba hii? Kuna vitufe viwili, KWELI na SI KWELI. Mashine haiaminiwi peke yake, lazima mtu aseme. Na Asajile alikuwa anasema KWELI kwenye uongo, kwa ajili ya mama yangu.

Unajua nilichohisi? Usidhani ni shukrani. Ningemkuta anaiba pumzi anauza kiwandani ningefurahi mpaka nicheze. Mwizi ungemsamehe, ungemcheka, ungelala vizuri. Lakini huyu alikuwa ameingia kwenye moto wa mama yangu kabla yangu. Kazi yangu kama mtoto ameifanya yeye, kimya kimya, kwa tumbo la bibi yake, halafu anapokea nusu kikombe anasema ndaga.

"Mama anajua?" nikauliza, swali la kijinga.

"Mbegu anaipokea yeye."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Akanyanyua kikombe, akanywa, akapangusa mdomo.

Nilimkuta mama anapangua majivu kwa fimbo ndefu, vyungu vinatokea kimoja kimoja vyekundu.

"Kumbe mna siri, wewe na mwanao," nikamwambia.

Akaisimamisha fimbo. "Mwanangu ni wewe."

"Basi ungeniambia mimi!"

"Ningekwambia, ungefanyaje?"

Nikafungua mdomo. Yale majibu ya mkutanoni yalikuwa bado yamo humo humo. Mama akarudi kwenye vyungu vyake.

4

Afisa Mhema alikuja baada ya wiki mbili. Hakuja kwa Asajile. Alinikuta mimi nakata majani ya ng'ombe kando ya barabara, akateremka kwenye gari lake lisilo na mlio.

"Wewe ndiye Ambokile. B ya fizikia."

Sikufichi, nilisikia raha. Kuna mtu duniani anaikumbuka.

"Nieleze kitu," akasema. "Alhamisi ile upepo ulikuwa unatoka kusini. Harufu ya mbegu inabeba saa ilipowashwa, na moshi wa bibi Tupoki ungefika kwenye Pua baada ya dakika tano. Ulifika baada ya mbili. Kama kwamba mafiga ya bibi yametembea."

Nyumba yetu ndiyo iko karibu na mlingoti. Nikakata majani.

"Kipimo cha upepo si ushahidi," akaendelea. "Sheria inataka shahidi aliyeona kwa macho. Bila shahidi, mimi nina upepo tu. Ulipata mikono mingapi siku ile?"

"Tisa."

"Msoma Pua akiondolewa katikati ya mwaka, hatuitishi mikono. Ninateua."

Ng'ombe wa mtu akalia huko bondeni.

"Huyu mama anayechoma," nikasema, "kama yupo... atazibwa?"

"Kosa ni la mwenye mbegu. Mbegu ya nani, kosa la nani."

"Na kama anayetoa anatoa tumboni mwake? Kama moshi wenyewe haujaongezeka?"

Hapo alinitazama kama mtu, si kama afisa. "Unadhani sijawaza hilo? Babu yangu alifukiwa na kilima. Nyumba, ng'ombe, kila kitu, dakika moja. Tuliweka bei kwa sababu maombi yalishindikana. Leo nikimwacha huyu kwa kuwa anampa mama, kesho kiwanda kitaniambia nacho kimepewa na rafiki. Kila mtu ana mama, Ambokile. Hata saruji ina mama yake mahali."

Alikuwa anasema kweli na Asajile alikuwa anasema kweli. Mtu mwenye moyo mzuri angekaa chini akapima hizo kweli mbili. Mimi nilikuwa naona koti la kijani. Naona kalamu mfukoni. Naona mkono wenye udongo mpaka kwenye kiwiko.

"Kulikuwa na kuku," nikasema. "Kwenye majivu ya bibi Tupoki. Amelala."

Akatoa kalamu.

5

Mafiga ya kina Asajile waliyaziba siku ya pili, asubuhi, watu wakiangalia. Kijana wa ofisini alimwaga povu la kijivu kwenye mafiga matatu, likavimba, likakauka likawa jiwe. Siku arobaini.

Bibi Tupoki aliligonga kwa fimbo yake. "Gumu kweli," akasema. "Mngenijengea nalo choo."

Hakuna aliyecheka. Asajile alivua koti, akalikunja vizuri, akanikabidhi mkononi. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, nilikuwa na majibu.

"Waya wa upande wa magharibi unalegea mvua ikinyesha," akasema. "Uuangalie."

Basi. Hicho tu. Yaani mtu unamvunjia nyumba, anakuonyesha mlango wa kutokea! Nilitamani kumpiga.

Nikapewa nyumba ya Msoma Pua, chumba kimoja cha bati chini ya mlingoti, na mafiga mapya na mbegu mpya. Pumzi arobaini za peke yangu. Mama hakunifukuza nyumbani, usidhani. Siku ya kuondoka alinifungia blanketi na kisu. "Kuna upepo kule," akasema, kama alivyokuwa anasema kwa ajili ya mwingine.

Vyungu ishirini na viwili vilibaki vibichi chini ya ukuta wa nyumba yake. Chungu kibichi hakingoji. Mvua zilikuwa zinakuja, na ukungu wetu ukikaa wiki mbili unaingia kwenye udongo, kinabomoka kama andazi kwenye chai. Kutokea dirishani kwangu nilikuwa namwona anavigeuza kila asubuhi, kimoja kimoja, kuvionyesha jua ambalo halikuwepo.

Maziwa hakuna aliyeniletea.

6

Siku ya kumi na moja niliamka mapema kusoma kioo. Baridi, ukungu umefunga. Saa mbili asubuhi, hakuna nyumba iliyowasha. Saa tatu, bado. Nikagonga mashine. Isebele nzima haijanywa chai?

Saa tatu na robo mistari ikaanza kupanda. Yote. Kwa pamoja, dakika moja, mwendo mmoja, kama wanafunzi wanaosimama mwalimu akiingia. Nyumba ya kwanza, pumzi moja. Ya pili, pumzi moja. Nikahesabu mpaka mwisho. Nyumba thelathini na moja, kila moja pumzi moja. Zilizobaki chini ni ya bibi Tupoki, iliyozibwa, na yangu.

Pua ikauliza kwa maandishi mekundu, mara thelathini na moja: moshi huu ni wa nyumba hii?

Nikaenda dirishani. Ukungu ulikuwa umeanza kuachia. Isebele yote, paa kwa paa, hakuna moshi. Hata uzi. Isipokuwa nyuma ya nyumba ya mama yangu, moshi mmoja mnene mweupe, na watu wamejaa kama msibani.

Na kweli ilikuwa kama msibani. Kwetu mtu akifiwa, hakuna anayetangaziwa alete kuni. Ukisikia kilio unachukua gogo moja kwako unakwenda, unaliweka kwenye moto wa mfiwa, unakaa. Moto wa msiba ni wa nyumba zote. Hivyo ndo walivyofanya. Wamefukua mbegu zao kwenye majivu, kila mtu ameibeba kiganjani, wakaja wakazitia kwenye moto wa vyungu. Mbegu thelathini na moja kwenye moto mmoja, Pua ikagawa sawasawa. Kila mtu ametoa chai yake ya asubuhi, na vyungu vinaiva.

Na pale kwenye moto, anayesukuma kuni kwa mti mrefu, mgongo nilioujua tangu darasa la kwanza. Asajile. Yeye hata mbegu hakuwa nayo. Amezibwa. Lakini ndiye aliyekuwa katikati.

Hakuna aliyeniita.

Wale tisa walioninyooshea mikono, nao wapo pale. Mama yupo. Kijiji kizima kimepitishiana hili neno mlango kwa mlango, na mlango wangu wameuruka.

Mkono wangu ulikwenda kwenye SI KWELI. Nakwambia ukweli, ulikwenda wenyewe. Kubonyeza mara moja, nyuki wanaruka, na kesho mafiga thelathini na moja yana mawe. Sheria iko upande wangu, B ya fizikia iko upande wangu. Nikaona kabisa jinsi itakavyokuwa: Isebele nzima siku arobaini bila moto, watu wanakula mabivu. Na kilimani, kwenye chumba cha bati, mimi. Mafiga yangu ndiyo pekee yanayowaka. Moshi mmoja mwembamba, wa chai ya mtu mmoja, unapanda peke yake, na watu wote chini wanautazama.

Na Asajile asingepoteza chochote. Alishazibwa. Angekaa nao wote gizani kwenye baridi wanacheka.

Nisikudanganye kwamba ni huruma iliyouondoa mkono wangu. Ni ule ule wivu. Nilishindwa kuvumilia kuwa na moto ambao hakuna mtu anauota.

Nikabonyeza KWELI. Nikabonyeza tena. Mara thelathini na moja, kila uongo nalisoma jina lake kwanza: nyumba ya fulani, kweli, nyumba ya fulani, kweli, nyumba ya mama Ambokile, kweli. Kidole kiliuma. Nikajua mwisho wa mwezi kipimo cha upepo kitamfikia Afisa Mhema, na atapanda na gari lake, na atasema nina upepo tu, nataka shahidi aliyeona kwa macho. Sikujua angempata wapi safari hii.

Halafu nikapiga magoti kwenye mafiga yangu. Nikafukua. Mbegu ilikuwa safi kama nilivyopewa, maana tangu nihamie sikuwahi kuwasha. Ukiwa peke yako hata chai unaiona kazi.

Nilishuka kilima nikikimbia mpaka karibu na mgomba wa mwisho, pale nikaanza kutembea, nisije nikaonekana nilikimbia.

Wakageuka waliponiona na koti lile. Mtu mmoja akashika jembe. Bibi Tupoki peke yake, kwenye kiti chake, akasema kwa sauti, "Pua imeota miguu."

Nilikwenda mpaka kwa mama. Alikuwa amechuchumaa karibu na moto, uso umemwiva. Nikafungua kiganja.

"Umeleta nini?"

"Mbegu yangu, mama. Nimeshabonyeza. Zote."

Aliitazama mbegu. Niliomba aichukue. Niliomba mkono ule ule, wenye udongo mpaka kwenye kiwiko, unyooke kidogo tu upande wangu.

"Mpe Asajile," akasema. "Yeye ndiye anayejua pa kuitia, isipasue chungu."

Asajile alikuwa ameshageuka. Kiganja chake kilikuwa cheusi kwa masizi, na hakutabasamu, hakunipa hata hiyo sababu ya kumchukia. Alikinyoosha tu, akangoja.

Sikuwa nimewahi kumwonea wivu kama dakika ile. Nikaiweka mbegu kiganjani mwake. Akashtuka kidogo.

"Ya baridi hivi, Ambo?"

Akainama, akafunua nyasi kwa ncha ya mti, akaitia katikati kabisa. Nikavua koti, nikaenda kusimama alipokuwa amesimama yeye, upande wa upepo, pale ambapo moshi unakuja machoni, ili yeyote atakayeyaona machozi yangu ajue ni huo moshi.